JUU YA NINI PUA HAISAHAU KWAO?



Kila mwanzo wa mwaka wa shule, siku ile valizi zinafunguliwa pale tunapolala, chumba kinajaa harufu za pande zote: sambaza kavu za Ziwa Kivu, mafuta ya mawese, unga wa mihogo, karanga za kukaangwa, sabuni. Na kila mwaka kuna mmoja anayeziba pua na kusema: «Eh, ni nini inanuka vile?» Wengine wanacheka. Mwenye valizi anaifunga haraka na kuisukuma chini ya kitanda.

Tunapenda kueleza hapa mambo mawili: namna gani harufu inaingia katika kichwa chetu, na juu ya nini harufu moja inampa huyu furaha na kumpa yule karaha.

1. SAFARI YA HARUFU

Harufu ni chembe ndogo sana, ni kusema molekule, zinazotoka katika kitu na kuruka hewani. Ukivuta pumzi zinapanda mpaka juu kabisa ndani ya pua, zinaingia katika ute, na pale zinagusa neva za kunusa. Neva hizo ziko na vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli: kinafunguka kwa chembe za namna fulani, si kwa zote. Mtu ana aina karibu 400 za vipokezi vinavyofanya kazi. Chembe za kahawa zinafungua kundi moja, za samaki kundi lingine, na ubongo unasoma kundi lile sawasawa na sisi tunavyosoma neno kwa herufi zake. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, waliandika juu ya jeni za vipokezi hivyo. Mwaka 2004 walipewa zawadi ya Nobel.

Jaribu mwenyewe: ziba pua, kisha tafuna kipande cha nanasi. Utasikia utamu na ukali tu. Fungua pua: kumbe nanasi yote inarudi! Sehemu kubwa ya ladha tunaipata kwa pua.

2. NJIA YA MKATO

Habari za macho na za masikio zinapita kwanza katika kituo kimoja katikati ya ubongo, kinachoitwa talamusi, ndipo zinatumwa mahali pake. Harufu haianzii pale. Kutoka puani inaingia katika kifundo kidogo chini ya ubongo wa mbele, na kutoka hapo inafika upesi kwa amigdala, inayoshughulika na furaha na woga. Jirani yake ni hipokampasi, inayosaidia kushika kumbukumbu. Ndiyo maana moyo unashtuka mbele ya akili kupata jina. Mtu anasema: «Hii harufu ninaijua… ni ya wapi?» Kisha anaona jiko la bibi yake, na kikapu, na mlango, vyote kwa mara moja.

Tena ubongo unafunga harufu pamoja na watu na mahali pa siku za kwanza. Mtoto mchanga anatambua mama yake kwa harufu, hata macho yake hayajaona vizuri. Kwa hiyo kumbukumbu zinazoletwa na harufu, mara nyingi ni za utoto, mbele ya miaka 10.

Wanaosoma Kifaransa wanajua jina la Marcel Proust. Katika kitabu alichotoa mwaka 1913, mtu anaonja keki ndogo iliyochovywa katika chai, na utoto wake wote unarudi. Yeye na keki yake, sisi na mihogo yetu: kazi ni ile ile.

3. MIFANO YA KWETU

a) Mvua ya kwanza. Mwisho wa kiangazi, matone ya kwanza yakigonga udongo, sisi wote tunainua kichwa. Harufu ile inatoka wapi? Wakati wa jua kali, mafuta ya mimea yanajikusanya katika udongo na mawe. Tena kuna vijidudu vya udongo vinavyotengeneza kitu kinaitwa jeosmini. Pua ya mtu inakisikia hata kikiwa kidogo sana. Tone likianguka, linatoa vipovu vinavyorusha vyote hewani. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Australia, Bear na Thomas, waliipa harufu hiyo jina: petrikori. Wazazi wetu hawakungojea jina. Waliposikia harufu walitafuta jembe.

b) Maua ya kahawa. Siku chache nyuma ya mvua, mashamba ya Idjwi, Kalehe na Minova yanatoa maua meupe yenye harufu tamu kama yasmini. Mgeni anasema: «Manukato mazuri!» Mtoto wa mkulima anasema moyoni: «Minervali.» Juu kama maua ni mengi na mvua ni nzuri, kahawa italipa shule.

c) Mihogo iliyolowekwa. Hii ndiyo inachekwa sana. Lakini harufu ile kali si uchafu. Mihogo michungu iko na sumu, sianidi. Ikilala majini siku 3 hivi, vijidudu vinailainisha, vinatia uchachu, na sehemu kubwa ya sumu inatoka. Penye watu hawakuloweka vya kutosha, juu ya njaa ao juu ya haraka ya soko, ulitokea ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu kwa ghafula. Daktari Trolli aliandika juu yake huko Kwango mwaka 1938. Basi mama anayebonyeza muhogo kwa vidole na kuunusa, analinda miguu ya watoto wake. Kwa mtoto yule, harufu ile maana yake ni: chakula kiko tayari, na hakina hatari.

d) Moshi na salfa. Si kila kumbukumbu ni ya furaha. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma, na watu wengi sana walikimbilia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena. Kwa wengi wetu moshi wa jioni ni bugali inayokuja. Kwa mwingine ni nyumba iliyoungua, ao kijiji walichokimbia usiku. Ukiona mwenzako anasimama na kutoka nje kwa sababu ya harufu ya kitu kinachoungua, usimfanyie mchezo. Umfuate, ukae naye. Njia ya mkato ya pua haiombi ruhusa.

4. TUNASHIKA NINI?

Kwanza: pua inachoka upesi. Ukikaa dakika chache katika harufu moja, ubongo unaacha kuihesabu. Kwa hiyo kila mtu anadhani kwao hakunuki, ni kwa wengine tu. Kumbe nyumba zote ziko na harufu, hata ya yule anayecheka.

Pili: karibu kila harufu ya chakula inafundishwa. Hakuna aliyezaliwa akipenda samaki kavu ao jibini ya Wazungu. Ni mkono uliotupa chakula kile ndio tunaupenda.

Tatu: ni mali inayoweza kupotea. Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa COVID-19 uliondolea watu wengi kunusa. Chakula kilikuwa kama karatasi. Wengi walipona nyuma ya wiki chache, wengine walikaa miezi. Neva za kunusa zinaweza kuota upya, na waganga wanashauri mgonjwa anuse vitu vile vile asubuhi na jioni, kila siku, mpaka pua ijifunze tena.

KAZI NDOGO YA LIKIZO: Muulize mzee mmoja wa kwenu ni harufu gani inamrudisha mbali kuliko zote. Usiulize haraka, umpe nafasi. Andika jibu lake, pamoja na mahali na mwaka kama anaukumbuka. Harufu yenyewe hatuwezi kuiweka katika karatasi, na mzee akiondoka, hakuna mwingine atakayejua ilikuwa na maana gani.