Kutia Rangi Bila Kupaka: Uanodishaji wa Alumini Kiwandani na Suala la Kuziba Vitundu

Makala haya yanafafanua jinsi vipande vya alumini, hususani vya fremu za milango na madirisha, vinavyoanodishwa na kutiwa rangi kiwandani. Mkazo umewekwa katika hatua ya mwisho, yaani kuziba vitundu, kwa kuwa udumifu wa rangi hutegemea hatua hiyo zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

Lugha ya Kiswahili inatusaidia hapa. Ukuta hupakwa rangi. Miyaa ya mkeka hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Rangi iliyopakwa hukaa juu ya kitu, ilhali iliyotiwa huingia ndani yake. Alumini iliyoanodishwa ni ya kundi la pili, na kuiita “iliyopakwa”, kama ilivyozoeleka madukani, ni kuficha jambo la msingi.

Alumini inapokutana na hewa hujifunika papo hapo kwa tabaka la oksidi lenye unene wa nanomita chache. Tabaka hilo ndilo linaloilinda sufuria ya jikoni isiliwe na kutu kama chuma. Uanodishaji hulikuza tabaka hilo maelfu ya mara kwa kutumia umeme. Nchini Uingereza, Bengough na Stuart walianzisha utaratibu wa asidi ya kromiki mwaka 1923 ili kukinga vipande vya ndege za majini dhidi ya chumvi. Viwanda vingi vya leo hutumia asidi ya salfuriki.

Kwanza vipande huoshwa mafuta, huchovywa katika kostiki soda ya moto ili kuondoa oksidi ya zamani na michirizi, kisha huondolewa masizi meusi kwa asidi ya nitriki. Baada ya kila hatua husuuzwa kwa maji. Halafu hufungwa kwenye vining’inizio vya alumini au titani na kuzamishwa katika asidi ya gramu 150 hadi 200 kwa lita, ambamo kipande chenyewe huwa anodi. Umeme wa volti 12 hadi 18 hupitishwa, na joto hudhibitiwa karibu na nyuzi 20 za Selsiasi.

Katika beseni hilo mambo mawili hutendeka kwa pamoja: umeme hujenga oksidi, nayo asidi huimung’unya. Mvutano huo huacha tabaka lenye vitundu vilivyosimama wima, kila kimoja kikiwa katikati ya chembe yenye umbo la pembe sita. Muundo huo ulielezwa na Keller, Hunter na Robinson mwaka 1953 kwa msaada wa hadubini ya elektroni. Joto likizidi, asidi hushinda na tabaka huwa laini kama unga. Kwa hiyo kiwanda kilichoko mji wa joto hulazimika kugharimia upoozaji. Umeme ukikatika, ujenzi husimama lakini umung’unyaji huendelea, na vipande visipotolewa upesi huharibika.

Kwa makadirio, ampia 1 kwa kila desimita ya mraba hukuza takribani maikromita 0.3 kwa dakika. Hivyo, kwa ampia 1.5, tabaka la maikromita 20 linalofaa kwa matumizi ya nje huhitaji kama dakika 45.

Rangi hutiwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuchovya vipande katika rangi ya kikaboni yenye joto la nyuzi 55 hadi 65, ambayo hunyonywa na kuta za vitundu. Machaguo ni mengi, ila nyingi ya rangi hizo hufifia juani. Ya pili, iliyoenea katika ujenzi kuanzia miaka ya 1960, hutumia umeme geu kuweka chembe za metali, mara nyingi stani, kwenye vina vya vitundu. Kadiri muda unavyoongezeka, rangi huhama kutoka hudhurungi hafifu hadi nyeusi. Aloi nayo ina sauti yake: ile ya 6063 hupokea rangi vizuri, ilhali aloi za kusubu zenye silikoni nyingi hutoka za kijivu hata fundi afanye nini.

Baada ya hapo vitundu bado viko wazi. Kipande huzamishwa katika maji safi ya nyuzi 96 au zaidi. Oksidi hufyonza maji, huvimba na kufunga midomo ya vitundu. Kanuni ya kawaida ni dakika 3 kwa kila maikromita, yaani saa nzima kwa tabaka la maikromita 20. Muda huo unazidi ule wa kulikuza, na hapa ndipo kishawishi kilipo: kipande kilichozibwa kwa dakika 20 hung’aa sawasawa na kilichozibwa kwa 60, nacho hupokelewa bila swali. Miligramu chache tu za silikati au fosfati katika lita ya maji huweza pia kuzuia uzibaji. Kasoro hizo hujitokeza fremu ikishajengewa ukutani, kwa rangi kuchujuka na madoa ya saruji kuingia ndani.

Kipimo cha tone, kilichowekewa kiwango cha ISO 2143, huitambua kasoro hiyo mapema. Sehemu ndogo hutiwa asidi, hufutwa, kisha hudondoshewa rangi na kufutwa tena. Doa likibaki, vitundu vingali vinanyonya, na mnunuzi ana haki ya kuukataa mzigo kabla haujapandishwa kwenye lori.