Si Kompyuta Zaidi, ni Ubao na Msikilizaji: Kuwaandaa Vijana kwa Usaili wa Watunga Programu



Wapendwa wanakamati wa parokia na wafadhili wetu, katika ziara zetu za robo hii swali moja limejirudia karibu kila tulipokaa na kamati. Tumenunua kompyuta, tumelipa ada, vijana wana vyeti. Mbona wanarudi nyumbani bila kazi? Ni swali la haki. Anayetoa sadaka yake anastahili kujibiwa.

Tuanze na binti mmoja aliyesomeshwa utunzi wa programu kwa michango ya jumuiya ndogo ndogo za parokia yake. Jina lake tunalihifadhi. Alimaliza masomo vizuri, akaitwa kwenye usaili mara tatu na makampuni matatu tofauti, na mara zote tatu hakuchukuliwa. Baadhi ya wanakamati walianza kusema fedha zimepotea. Tulipoketi naye, tuligundua kwamba maswali mawili kati ya matatu aliyoulizwa aliyafahamu kabisa. Kilichomshinda ni kuyajibu akiwa amesimama mbele ya mtu asiyemjua, huku saa inakwenda, akitakiwa kufikiri kwa sauti. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba usaili uko hivyo.

Usaili huu ukoje?

Kazi nyingi tulizozizoea zina usaili wa maongezi: unaulizwa elimu yako, uzoefu wako na sababu za kuomba kazi. Kwa mtunga programu huongezwa kitu kingine. Anapewa fumbo dogo na muda mfupi, mara nyingi dakika 45 hadi saa moja, aandike hatua za kulitatua ubaoni au kwenye kompyuta huku msaili akimtazama. Tangu nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, kijana anaweza kusailiwa hivyo na kampuni iliyoko Nairobi, Berlin au Toronto bila kupanda basi.

Fumbo rahisi kuliko yote linajulikana kwa jina la FizzBuzz, nalo limetokana na mchezo wa kuhesabu wa watoto wa shule wa Uingereza. Tulichezeni kwa maneno yetu. Hesabu kuanzia 1 hadi 100. Namba ikigawanyika kwa 3, sema "Amani" badala ya namba. Ikigawanyika kwa 5, sema "Upendo". Ikigawanyika kwa zote mbili, sema "Amani Upendo". Ni rahisi, lakini wengi hujikwaa kwenye 15. Wakishaona inagawanyika kwa 3 husema "Amani" na kuendelea mbele, wakisahau kuangalia 5. Mtunga programu anayejikwaa hapo ameandika maagizo yake kwa mpangilio mbaya, na kompyuta haitamhurumia. Itafanya hasa kile ilichoagizwa. Jaribuni mchezo huu katika kikao kijacho cha vijana, nanyi mtaona.

Mpangilio wa hatua za kutatua jambo huitwa algoriti. Neno hili limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa hesabu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Mama anayejua kwamba maharage hutangulia jikoni na mchicha hufuata ana algoriti yake, ingawa haiiti hivyo.

Mfano wa kwanza: daftari la ubatizo

Mtu anafika ofisi ya parokia kuomba cheti cha ubatizo. Anakumbuka tarehe aliyobatizwa, na daftari lina majina 1,000 yaliyoandikwa kwa kufuata tarehe. Katibu anaweza kuanza ukurasa wa kwanza na kusoma jina moja moja. Akiwa na bahati mbaya atasoma yote 1,000.

Katibu mzoefu hafanyi hivyo. Anafungua katikati. Tarehe iliyopo hapo ikiwa ni ya baadaye kuliko anayoitafuta, anaachana na nusu yote ya mwisho. Kisha anafungua katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Majina 1,000 yanabaki 500, kisha 250, kisha 125, na baada ya kufungua mara 10 hivi amefika. Daftari lingekuwa na majina 1,000,000, angehitaji kufungua mara 20 tu.

Hili ni miongoni mwa maswali ya kale zaidi ya usaili wa aina hii. Mtu asidhani kwamba wakubwa hawakosei. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba njia hii hii, kama ilivyoandikwa katika maktaba ya programu ya Java inayotumika duniani kote, ilikuwa na kosa lililokaa kwa miaka 9 hivi bila kugunduliwa. Orodha ikiwa kubwa mno, hesabu ya kutafuta katikati ilizidi uwezo wa namba uliotengwa.

Lakini msaili hatazami jibu peke yake. Anasubiri kuona kama kijana atauliza: Je, daftari limepangwa kwa tarehe kweli? Je, kama katibu wa zamani alichanganya kurasa? Je, kama tarehe hiyo haimo kabisa? Mara nyingi swali hutolewa likiwa na mapengo kwa makusudi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na katika usaili huu asiyeuliza hupunguziwa alama.

Hapa kuna jambo linalowahusu vijana wetu kwa namna ya pekee. Tumewalea kunyamaza mbele ya mkubwa na kutomhoji anayewafundisha. Ni adabu njema, na hatuikatai. Lakini mbele ya msaili ukimya ule ule husomeka kama kutojua. Inabidi tuwafundishe kwamba mtu anaweza kuuliza kwa heshima, na kwamba kusema "naomba kuhakikisha nimekuelewa" si utovu wa adabu.

Mfano wa pili: bahasha za zaka

Una bahasha 500 za zaka, kila moja imeandikwa kiasi kilichomo. Unaulizwa: je, zipo bahasha mbili ambazo jumla yake ni shilingi 10,000 kamili? Swali la namna hii ndilo la kwanza kabisa katika orodha ya LeetCode, tovuti ambayo watunga programu wengi duniani hufanyia mazoezi.

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kulinganisha kila bahasha na nyingine zote. Kwa bahasha 500, hiyo ni milinganisho 124,750. Kwa bahasha 50,000 ni zaidi ya bilioni 1.2.

Njia ya pili inahitaji daftari pembeni. Unachukua bahasha ya kwanza, tuseme ina 3,500. Mwenzake lazima awe na 6,500. Unatazama kama 6,500 imeshaandikwa daftarini. Kama haimo, unaandika 3,500 na kuchukua bahasha inayofuata. Unapita bahasha zote mara moja tu, yaani hatua 500. Kinachosaidia ni kwamba kompyuta inaweza kutunza daftari la namna ambayo kuangalia kama namba fulani imo huchukua muda ule ule mdogo, hata kurasa zikiwa nyingi.

Msaili atauliza: umeokoa muda, je, umelipa nini? Jibu ni daftari. Umetumia nafasi zaidi katika kumbukumbu ya kompyuta. Kisha atauliza: kama kuna bahasha moja tu ya 5,000, je, njia yako haitaihesabu mara mbili na kusema imepata 10,000? Haitafanya hivyo, kwa kuwa tunatazama daftarini kabla ya kuandika. Kijana anayeweza kueleza hivyo kwa utulivu ameonyesha kwamba anaelewa anachofanya, na hakukariri.

Hofu ya kutazamwa

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina huko Marekani, wakishirikiana na kampuni ya Microsoft, walichapisha utafiti kuhusu usaili huu. Waliwachukua wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta. Baadhi walitatua fumbo ubaoni mbele ya msaili wakieleza kwa sauti. Wengine walitatua fumbo katika chumba wakiwa peke yao. Waliotazamwa walishuka kiwango kwa zaidi ya nusu. Aidha, wanawake wote waliokuwa katika kundi la kutazamwa walishindwa, ilhali wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Kundi lilikuwa dogo, hivyo tusilifanye kuwa kipimo cha watu wote. Hata hivyo linafanana sana na yaliyompata binti yetu.

Je, usaili wa namna hii ni wa haki? Wengi wanasema hapana, na hata wakubwa wa makampuni wamekiri udhaifu wake. Zamani baadhi ya makampuni yalipenda kuuliza mafumbo yasiyohusiana na kazi, kama vile idadi ya mipira inayoenea ndani ya ndege. Mwaka 2013 mkuu wa idara ya rasilimali watu wa Google wakati huo alikiri hadharani kwamba mafumbo ya aina hiyo yalikuwa kupoteza muda na hayatabiri chochote. Maswali ya algoriti yamebaki. Nayo yana upendeleo wake: humnufaisha mwenye nafasi ya kufanya mazoezi kwa miezi mitatu, minne, kila jioni. Kijana anayelima asubuhi na kuuza duka jioni hana muda huo. Mama mwenye mtoto mchanga hana muda huo. Hatuwezi kubadilisha usaili wa makampuni ya Nairobi au Berlin, lakini tunaweza kuwapa vijana wetu muda na mahali.

Wengine wametuuliza kama mambo haya bado yana maana, wakati akili mnemba inaweza kutoa jibu la fumbo kwa sekunde chache. Kwa maoni yetu, maana yake imeongezeka. Kwa sababu hiyo hiyo baadhi ya makampuni yamerudisha usaili wa ana kwa ana, ili kumsikia mtu mwenyewe akifikiri.

Kamati ifanye nini?

Yafuatayo yamejaribiwa katika parokia ya binti tuliyemtaja, na hayahitaji fedha nyingi:

1. Tengeni jioni mbili kwa wiki katika ukumbi wa parokia, zenye taa na ubao. Kompyuta zizimwe. Fumbo litatuliwe kwa chaki kwanza.

2. Kila fumbo litatuliwe na kijana mmoja akiwa amesimama, akieleza kwa sauti, wenzake wakisikiliza. Baada ya dakika 30 wabadilishane.

3. Awepo mtu mzima wa kusikiliza. Si lazima ajue kompyuta. Katika parokia hiyo alikuwa katekista, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza mambo matatu tu: "Umeelewa swali?", "Kwa nini umefanya hivyo?" na "Je, kama ingekuwa vinginevyo?" Vijana walikiri kwamba maswali yake yaliwatoa jasho kuliko ya mwalimu.

4. Wasichana wapewe zamu ubaoni sawa na wavulana, na wasiachwe kuwa waandishi wa kumbukumbu.

5. Maswali ya mazoezi yapo bure kwenye intaneti. Katibu achapishe machache kila wiki, yakianzia mepesi.

6. Mara moja kwa mwezi aalikwe mgeni, mhandisi au mwalimu kutoka mjini, awasaili vijana kana kwamba ni usaili halisi, kisha awaeleze bila kuficha walipokosea.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa kompyuta mlizotuma, na zinatumika. Lakini kwa mwaka ujao tunaomba msitume kompyuta nyingine kabla ya kutusaidia kwa mambo madogo ambayo hayapigwi picha nzuri: umeme wa jioni, nauli ya mgeni wa kila mwezi, uji kwa vijana wanaotoka kazini moja kwa moja, na posho ya mtu wa kulea watoto ili akina mama wahudhurie. Haya ndiyo yanayogeuza cheti kuwa kazi.

Hatutaki kuahidi tusiyoweza. Binti yetu alifanya mazoezi ubaoni kwa miezi mitano. Usaili wa nne alifika hatua ya mwisho na hakuchukuliwa. Usaili wa tano alichukuliwa kwa mkataba wa majaribio, na mpaka tunaandika haya bado yuko kazini. Wawili kati ya wenzake bado wanatafuta, nao kila Jumanne na Alhamisi jioni wako ukumbini, chaki mkononi. Siku akipata nafasi, binti huyo huja kukaa kwenye kiti cha katekista, akiwauliza kwa nini wamefanya hivyo.

Kamati zitakazoanza jioni za ubao zinaombwa kutuandikia kabla ya toleo lijalo, zikieleza yaliyofaulu na yaliyoshindikana. Mungu awabariki katika utume wenu.