Karakana na Chuo Kikuu: Ushirikiano wa Viwanda Vidogo na Wahandisi katika Eneo la Suame, Kumasi

1.0 Utangulizi

Ushirikiano kati ya vyuo vikuu na viwanda vidogo hutajwa mara kwa mara katika mipango ya maendeleo ya nchi za Afrika. Hata hivyo, aghalabu huelezwa kana kwamba maarifa yako chuoni na tatizo liko karakanani, hivyo kilichobaki ni kuyapeleka maarifa hayo yanakohitajika. Makala haya yanajadili mtazamo huo kwa kurejelea uzoefu wa mji wa Kumasi nchini Ghana. Hoja kuu ni kwamba kazi ngumu zaidi katika ushirikiano wa aina hii si kulitatua tatizo, bali ni kulibainisha; na tatizo halibainishwi barabara mpaka mhandisi na fundi wakutane mahali kazi inapofanyika.

2.0 Usuli

Chuo cha Teknolojia cha Kumasi kilifunguliwa mwaka 1952 na kupandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 1961. Mwaka 1972 chuo hicho kilianzisha Kituo cha Ushauri wa Teknolojia, ambacho wajibu wake ulikuwa kuwawezesha wananchi, wakiwamo wenye biashara ndogo, kunufaika na utaalamu wa wahadhiri.

Katika mji huohuo kuna eneo la Suame Magazine, ambamo mafundi wa magari, wachomeleaji, wahunzi na wauza vipuri wamekusanyika kwa wingi. Wengi wao walijifunza kazi kwa njia ya uanagenzi, yaani kukaa na fundi mkuu kwa miaka kadhaa. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ghana ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Vipuri kutoka ng'ambo viliadimika, na gari lililoharibika liliweza kusimama kwa muda mrefu kwa kukosa kifaa kimoja tu. Kwa hiyo, uwezo wa kutengeneza vipuri nchini lilikuwa suala la riziki kwa fundi, na la usafiri kwa mkulima na mfanyabiashara.

3.0 Awamu ya Kwanza: Uzalishaji Ndani ya Chuo

Kituo kilianza na maombi ya watu wa kawaida. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni gundi, sabuni na bolti za chuma. Vitengo vidogo vya uzalishaji viliundwa ili kuonyesha kwamba bidhaa hizo zinaweza kutengenezwa nchini na kuuzwa kwa faida.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Mjasiriamali mwenye mtaji mdogo hawezi kuhatarisha akiba yake kwa jambo ambalo hajaliona likifanikiwa. Lakini udhaifu wake ulijitokeza pia. Kitengo kilichomo chuoni hutumia umeme, majengo na wataalamu wa chuo. Hakilipi kodi ya pango wala hakimbembelezi mteja kama karakana ya mtaani. Mafanikio yake, kwa hiyo, hayakuthibitisha kwamba fundi wa Suame angefanikiwa katika mazingira yake. Isitoshe, chuo na Suame vinatenganishwa na mji, na kwa fundi anayelipwa kwa kazi aliyoimaliza, siku ya kwenda chuoni ni siku isiyo na kipato.

4.0 Awamu ya Pili: Kuhamia Suame

Mwaka 1980 Kituo kilifungua kitengo cha uhawilishaji wa teknolojia ndani ya Suame kwenyewe. Kitengo hicho kilikuwa na mashine za kukerezea chuma, sehemu ya kuchomelea na sehemu ya kusubu. Mafundi walipata mafunzo wakiwa karibu na karakana zao, na baadhi yao waliwezeshwa kumiliki mashine zilizokwisha kutumika, ambazo bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya mashine mpya.

Umuhimu wa mashine ya kukerezea unahitaji ufafanuzi. Fundi mwenye nyundo, tupa na mashine ya kuchomelea anaweza kukarabati kifaa, lakini hawezi kuunda mhimili wenye kipenyo sahihi. Akipata uwezo wa kukereza, anavuka kutoka ukarabati na kuingia katika utengenezaji. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyokuwa kiini cha mradi.

Mfano mwingine ni sahani za kusagia za mashine za nafaka. Malighafi yake ilikuwapo tele Suame, kwani injini chakavu ni chuma cha kusubu. Fundi anaweza kuliyeyusha chuma hicho na kulimimina katika kalibu. Hata hivyo, sahani laini hulika upesi, na chembe za chuma huingia katika unga unaoliwa na watu. Mlaji hazioni chembe hizo, wala fundi hawezi kuupima ugumu wa chuma kwa macho. Hapo ndipo maabara ya chuo inapohitajika. Kwa upande wake, mhadhiri hawezi kujua ni bei gani mwenye mashine ataimudu, wala sahani huchakaa baada ya kazi kiasi gani. Kama wasemavyo Waswahili, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

5.0 Mipaka ya Ushirikiano

Mwaka 1987 serikali ya Ghana ilianzisha mradi wa GRATIS kwa lengo la kueneza vitengo vya aina ya Suame katika mikoa mingine. Hatua hiyo ni ushahidi kwamba mfano huo ulithaminiwa. Pamoja na hayo, mipaka mitatu inafaa kuzingatiwa.

Kwanza, sera za uchumi zilizoanza mwaka 1983 zililegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa. Bidhaa iliyokuwa na soko wakati wa uhaba ililazimika kushindana na ya kigeni kwa bei na kwa ubora. Pili, mhadhiri hupandishwa cheo hasa kwa machapisho. Saa anazozitumia karakanani ni vigumu kuhesabiwa. Tatu, muundo uliobuniwa na fundi mmoja huigwa na jirani yake bila malipo. Jambo hilo huieneza teknolojia haraka, lakini humpunguzia mbunifu hamu ya kugharimia ubunifu mwingine.

6.0 Funzo kwa Tanzania

Tanzania ina taasisi za kutosha za kuhusishwa na suala hili. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973, mwaka ambao Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza. Zilifuata TIRDO mwaka 1979, TEMDO mwaka 1980 na CAMARTEC mwaka 1981. Kwa mujibu wa uzoefu wa Kumasi, swali la kuuliza si idadi ya taasisi, bali ni nani anayemfuata mwenzake: je, fundi wa Gerezani ndiye anayepaswa kupanda hadi Mlimani, au mhandisi wa Mlimani ndiye anayeteremka Gerezani?

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba chuo cha Kumasi kilipiga hatua kubwa kilipoacha kuwasubiri mafundi na kuwafuata walipo. Yameonyesha pia kwamba ukaribu pekee hautoshi endapo soko, utaratibu wa kupandisha vyeo na haki ya mbunifu havikutazamwa. Ushirikiano unaopuuza mambo hayo huweza kuzaa mashine nzuri ya maonyesho, lakini si kiwanda kinachodumu.