Kabla ya kuukata, umeupalilia?



Kila mwaka timu za ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, hukutana kuchagua wachezaji chipukizi. Shughuli hiyo huitwa drafti. Usiichanganye na drafti ya kete inayochezwa vijiweni kwetu. Kijana wa miaka 19 au 20 huitwa jina lake, huvaa kofia ya timu, hupeana mkono na kamishna wa ligi, na mama yake hulia kwa furaha. Miezi michache baadaye kijana huyohuyo anakosa mitupo, anaketi benchi, na waliomshangilia wanamzomea.

Mikataba yao imefungwa kwa hesabu kali. Anayechaguliwa katika duru ya kwanza ana uhakika wa miaka miwili tu. Wa tatu na wa nne ni hiari ya timu, na uamuzi juu ya mwaka wa tatu hufanywa kijana akiwa amemaliza msimu mmoja. Msimu mmoja, msomaji wangu, kisha watu wazima wanakaa mezani kuulizana kama anafaa.

Bwana Yesu alisimulia habari ya meza kama hiyo katika Luka 13:6-9. Mwenye shamba alikuwa na mtini. Miaka mitatu alikuja kutafuta tunda, asipate kitu. Akaamuru ukatwe, maana unamalizia ardhi yake bure. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi.

Soma vizuri maneno ya huyo mtunza shamba. Hakubishi kwamba mti hauna tunda, wala hamlaumu bwana wake kwa kukosa subira. Anaomba muda, na papo hapo anaahidi kazi: atachimba kuuzunguka na kuutilia mbolea. Tena anakubali kwamba mwaka ukiisha bila tunda, shoka lipo. Subira yake ina jembe mkononi.

Mwaka 1998 timu ya Dallas Mavericks ilimpata kijana wa Kijerumani, Dirk Nowitzki, aliyechaguliwa wa tisa. Alikuwa na miaka 20, mgeni wa nchi na wa mchezo wa kasi ile. Mgogoro kati ya wamiliki na wachezaji ulichelewesha msimu hadi Februari 1999, hivyo hakupata hata muda wa kawaida wa kujiandaa. Alifunga wastani wa pointi 8.2 na akapoteza nafasi yake katika kikosi cha kwanza. Wangeweza kumwacha aende zake. Walimwacha acheze, naye akaendelea kufanya mazoezi na mwalimu wake wa tangu nyumbani, Holger Geschwindner. Msimu wa pili wastani ukapanda hadi 17.5. Mwaka 2007 akawa mchezaji bora wa ligi, na 2011 akaipa Dallas ubingwa wake wa kwanza. Alichezea timu hiyo moja misimu 21.

Lakini si kila mti unahitaji mbolea tu. Mwingine una tatizo kwenye mizizi. Markelle Fultz alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2017 na Philadelphia. Alikuja akisifiwa kwa kutupa mpira, na ghafla mkono ukawa kama umesahau kazi yake. Msimu wa kwanza alicheza michezo 14 tu. Video za mitupo yake zikazunguka mitandaoni watu wakicheka. Wengine walisema ni woga. Desemba 2018 madaktari wakabaini kwamba kulikuwa na mgandamizo kati ya shingo na bega. Baadaye akiwa Orlando alicheza michezo 72 katika msimu mmoja. Hakufikia umaarufu aliotabiriwa, lakini alisimama tena. Wangapi tumewaita wavivu, kumbe hatujachimba tukaona kinachowabana?

Sasa tuje kwa wa nyumbani. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika NBA, naye alianza mchezo huu akiwa kijana mkubwa, wakati wenzake wengi walikua na mpira mikononi. Februari 2010 alipelekwa ligi ya chini. Februari 2011 Memphis ikampeleka Houston. Hata leo wapo wanaomtaja kwa kejeli kila orodha ya chaguo baya inapotajwa. Lakini mwaka 2020, miaka mingi baada ya NBA kumwacha, alirudi kuchezea ligi ileile ya chini kutafuta nafasi, na baadaye akaenda kucheza Taiwan. Huyo si mtu wa kuchekwa.

Nakutajia habari yake kwa sababu subira haina hati ya kuhakikisha mavuno. Ukitazama tena Luka 13, mfano unaishia kwenye ombi. Hatuambiwi kama mtini ulizaa. Tunaambiwa tu kwamba yupo aliyeusimamia. Thamani ya kusimama na mtu haingojei tunda ili ihesabiwe.

Msomaji wangu, nani yuko chini ya shoka lako leo? Mwanao aliyefeli kidato cha nne? Mkwe aliyeingia ukoo wenu mwaka jana na bado hajui desturi zenu? Kijana aliyeokoka miezi sita iliyopita na ameonekana tena kwenye maskani ya zamani? Mwalimu mpya wa kwaya anayekosea sauti, na wewe umeshakwenda kumsema kwa mzee wa kanisa? Kabla hujasema nimemvumilia vya kutosha, jiulize: katika muda huo, ulishika jembe? Ulikaa naye, ukamfundisha, ukamuuliza kinachomsumbua? Au ulipita kila mwaka kukagua matunda tu, ukaondoka ukitikisa kichwa? Kungoja huku umekunja mikono ni kuhesabu siku za mwenzako.

Na usijione kuwa wewe ndiye mwenye shamba. Wewe na mimi ni mitini tuliyopandwa na Mungu, na mwaka huu tunaoishi tumeombewa. Yuko aliyesema tuachwe kidogo, naye bado anachimba.

Wiki hii mtafute mmoja uliyekuwa umemkatia tamaa. Usimpelekee maneno ya lawama. Mpe saa moja ya muda wako, umsikilize.

Tuombe: Bwana, asante kwa mwaka uliotuongezea. Tupe mikono ya kupalilia pale macho yetu yanapoona ukavu. Amina.

Jumapili njema.