Mabaki ya Mimea Yarudishwe Ardhini

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Kibiti, na hasa wakazi wa visiwa vya Delta ya Rufiji, wanakumbushwa kuwa mabaki ya mazao si taka, bali ni chakula cha ardhi.

Tangu zamani mkulima wa Delta aliutegemea mto umrutubishie shamba. Maji ya mafuriko yalipopungua yaliacha tope jipya, na juu ya tope hilo palilimwa mlau bila ya mbolea ya dukani. Tangu Disemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, sehemu kubwa ya tope kutoka juu hutuama bwawani. Mafuriko ya Aprili 2024 yalithibitisha kwamba maji yaweza kuja kwa wingi; lakini wingi wa maji si wingi wa rutuba.

Badala ya tope tunayo mabua na makapi ya mpunga, mabibo yanayooza chini ya mikorosho, na migomba iliyokwisha kuzaa. Vitu hivi visifukiwe vibichi karibu na wakati wa kupanda. Vijidudu vinavyoozesha mabua makavu huhitaji naitrojeni. Wasipoipata humo huichukua ardhini, na mazao hugeuka manjano.

Njia iliyo bora ni kutengeneza mboji. Panga biwi kivulini, kimo cha mita moja hivi: tabaka la mabaki makavu yaliyokatwakatwa, tabaka la majani mabichi, kisha samadi au udongo kidogo. Nyunyiza maji baridi, yasiwe ya chumvi, na ufunike kwa makuti. Chomeka kijiti katikati; kikitoka na joto, kazi inaendelea. Pindua biwi kila baada ya wiki mbili au tatu. Mboji iliyoiva, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi, ni nyeusi, hutifuka, na hunukia udongo wa mvua.

Makapi ya mpunga huchelewa kuoza. Yanaweza kuchomwa kwa hewa chache hadi yawe makaa, kisha yazimwe kwa maji kabla ya kuwa majivu. Makaa hayo, yakichanganywa na mboji, huisaidia ardhi ya kichanga kushika maji na virutubisho.

Mikoko isikatwe kwa kazi hii, kwani ni msitu wa hifadhi na ngao ya mashamba dhidi ya bahari. Mimea yenye maradhi nayo isitiwe katika biwi.

Mabwana na mabibi shamba wanaombwa kuwasaidia wakulima kuanza mapema, ili mboji iwe tayari kabla ya msimu wa kupanda.