Huhitaji Kumrekodi Ndipo Usikilizwe

"Madam, nimrekodi kwanza ndipo nije?"

Kila matokeo yanapokaribia kutoka swali hili la wanafunzi wanaodaiwa ngono na wahadhiri hunifikia, kwa simu, kwa ujumbe wa usiku, au kwa mdomo wa rafiki aliyetumwa. Jibu ni hapana. Njoo hivyo hivyo ulivyo, hata kama huna ujumbe mmoja wa kunionyesha. Mnasihi wa dawati la jinsia chuoni si hakimu wala mpelelezi. Sitaki uthibitishe kitu, nataka unieleze.

Najua swali linatoka wapi. Hosteli zina ushauri wake, mwaka wa tatu wanawarithisha wa kwanza: mkubalie, nenda naye gesti, rekodi kila kitu, kisha mwambie ukipata supu, yaani ukirudishwa kwenye mtihani wa marudio, unairusha rekodi kwenye magrupu. Watu wanausifu kuwa ni ujanja. Ni hatari tupu, na nawaomba wanaoutoa waache leo.

Binti anapelekwa kwenye chumba kilichofungwa, na mtu ambaye nia yake inajulikana, kinga yake ikiwa simu mkononi. Simu hunyang'anywa. Na akitoka salama, siku atakapotamka "nipe alama nisirushe", amemkabidhi mhadhiri utetezi: nilitegwa, nikatishiwa, anataka alama za bure. Wakili yeyote ataanzia hapo. Rekodi yenyewe ikishaingia kwenye magrupu hairudi tena, na wiki nzima kinachojadiliwa ni jina la binti, mavazi yake na kwao ni wapi. Wengine hunitajia filamu ya BBC ya Oktoba 2019 iliyowanasa wahadhiri wa Lagos na Ghana. Waliorekodi walikuwa waandishi wa habari waliojifanya wanafunzi, wana timu nyuma yao, na hawakuwa na pepa la kusahihishwa na yule waliyemrekodi. Wewe unalo.

Halafu sheria haikudai hayo hata kidogo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayedai au kulazimisha ngono iwe sharti la kumpa mtu haki yake au upendeleo. Kudai kwenyewe ni kosa. Si lazima muwe mmefika popote. Sheria hiyo ilipotungwa, adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa mtu mwenye uwezo wa kumfanya mwanafunzi adisko, yaani aondolewe chuoni, mimi niliiona ndogo mno. Mtego ukihitajika, hiyo ni kazi ya Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), wanaojua kuuweka na kumlinda anayeingia.

Kingine kinachowazuia ni kuogopa habari kusambaa. Kuzungumza na mnasihi si kufungua malalamiko. Ni hatua mbili tofauti, na ya pili haichukuliwi bila wewe kutaka. Mkuu wa idara haletewi maelezo yako. Usiri huu una mipaka, na unapaswa kuelezwa kabla hujaanza kusimulia: uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, au aliyeumizwa akiwa na umri chini ya miaka 18. Mnasihi asipokueleza, muulize. Wapo wanaokuja, wanalia, wanaondoka bila kuamua lolote, na hiyo ni haki yao.

Sasa ya kufanya. Andika leo hii tarehe, saa, mahali na maneno aliyoyasema, kama alivyoyasema. Usifute ujumbe, na skrinshoti usiikate. Tunza simu yenye ujumbe wa awali. Akikuita ofisini nenda na mwenzako, na mlango ubaki wazi. Alama zikikutia shaka, kata rufaa ya matokeo kwa utaratibu wa chuo na uombe pepa lisahihishwe na mwingine. Namba ya TAKUKURU ni 113, hukatwi salio. Kama umeingiliwa kwa nguvu, usioge, usifue nguo, kimbilia hospitali: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Fomu ya polisi ya PF3 na dawati la jinsia la polisi vitafuata. Wavulana, nanyi mnaodaiwa ngono, njooni. Rafiki mwenye siri ya mwenzake anaweza kuja bila kumtaja jina.

Na wewe uliyekwisha kukubali kwa woga wa kurudia mwaka, ukaenda, ukadhani sasa umepoteza haki ya kulalamika: njoo. Kifungu kile cha 25 kinamtaja anayedai.