Je, Wajua? Taa haijaguswa, ukuta unamemeteka

Tazama filamu ya kompyuta inayoonyesha nyumba ambayo bado haijajengwa. Taa imetulia. Ukuta umetulia. Lakini pale kwenye kona ya dari, mabaka ya mwanga yanatokea na kupotea, yanatokea na kupotea. Chanzo ni makadirio. Kompyuta haifuati kila mwale. Huchagua michache kwa kubahatisha na kukisia iliyobaki. Picha inayofuata ikikisia tofauti kidogo tu, jicho linanasa.

Dakika 1 yenye picha 25 kwa sekunde ni picha 1,500. Itazame moja peke yake: huoni kosa lolote!

Mwaka 1988, Greg Ward na wenzake walionyesha namna ya kupima mwanga unaodunda kwenye nukta chache, kisha kujaza katikati. Kamera ikitembea peke yake, vipimo hivyo hutunzwa na kutumika filamu nzima. Sasa fungua mlango mwekundu. Wekundu unaoakisiwa ukutani lazima usogee nao. Vipimo vya zamani vingeacha doa jekundu mahali mlango ulipokuwa.

Dawa ninayoipenda kuliko zote: kokotoa kwanza mwanga wa kila picha bila kuchora chochote. Wakati wa kuchora, changanya vipimo vya picha hiyo na vya majirani zake, waliotangulia na wanaofuata. Mabaka hufifia. Ukichanganya majirani wengi mno, mwanga huburuta mkia nyuma ya kitu kinachokwenda kasi.